Rada yafika jarubani kabla ya bima

Aprili 2024, Mto Rufiji ulipovunja kingo na kufunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, masika yalikuwa yamepamba moto na mawingu yametanda. Setilaiti zinazopiga picha kwa mwanga wa jua hukwama hapo, katika miezi ileile ambayo mazao yako shambani. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, yakapenya wingu, usiku na mchana.

Malighafi ya biashara ya kukagua mashamba kwa rada ni bure. Picha za rada za Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya iliyoanza kurushwa Aprili 2014, anaweza kuzipakua yeyote. Asiyetaka kusubiri siku 12 setilaiti ipite tena hununua kwa kampuni kama ICEYE ya Finland, na kampuni za bima ni miongoni mwa wateja wake.

Zao linalosomeka vizuri ni mpunga. Jaruba likijaa maji, wimbi huteleza juu yake na kuishia mbali, kwa hiyo pichani panakuwa peusi. Miche ikishika na kuchipua, wimbi hugonga maji, likagonga shina, likarudi lilikotoka. Weusi unafifia wiki baada ya wiki. Mtu aliye ofisini anajua jaruba limepandwa lini, na kama halikupandwa kabisa. Jimbo la Tamil Nadu, India, lilitumia njia hii kukadiria fidia za wakulima wa mpunga baada ya ukame wa 2016-17.

Mahindi yetu ni kazi nyingine. Robo eka ni kama nukta 10 tu pichani, tena imechanganywa na kunde. Mvua ya jana ikilowesha udongo, rada huona badiliko ilhali mahindi ni yaleyale.

Kwa hiyo fedha nyingi zinatakiwa ardhini: bwana shamba mwenye pikipiki, mipaka iliyopimwa, mavuno yaliyokatwa na kuwekwa kwenye mizani ili picha ilinganishwe nayo. Kampuni inayoruka hatua hii inauza makisio, na hasara ya makisio humwangukia mkulima.

Ndugu mkulima, ukiletewa bima ya setilaiti, uliza kabla ya kutia sahihi: shamba langu lilipimwa lini, na rada ikikosea, nani atakuja kuliona kwa macho?