Tabia Njema Hufundishwa kwa Vitendo: Wajibu wa Shule na Mzazi

Mtoto anayeanza Darasa la Kwanza hatarajiwi kujua kusoma siku ya kwanza. Mwalimu humwonesha herufi, huisoma pamoja naye, kisha humwacha aisome mwenyewe. Kupanga mstari, kusubiri zamu, kuomba ruhusa na kunawa mikono nako hufundishwa vivyo hivyo.

Agizo la "muwe wasafi" halimwelekezi mtoto la kufanya. Mwalimu huwapeleka wanafunzi kwenye ndoo ya koki, akanawa yeye kwanza huku akitaja kila hatua: kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua viganja na katikati ya vidole, kusuuza na kufunga koki. Kisha wanafunzi hunawa mbele yake. Anayefanya vyema huelezwa alichofanikisha: "Umefunga koki, maji hayakupotea." Zoezi hurudiwa kila siku hadi liwe mazoea, na hukumbushwa baada ya likizo.

Wakati wa masika, njia zetu za milimani hujaa matope. Mtoto aliyeoneshwa mahali pa kukwangulia viatu kabla ya kuingia darasani hatahitaji kukaripiwa kila asubuhi.

Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Isizidi viboko 4, na iwekwe kwenye kumbukumbu. Hata hivyo, adhabu humjulisha mtoto kuwa amekosa. Haimfundishi lililo sahihi. Kabla ya kumwadhibu, yafaa tujiulize: je, alifundishwa?

Nyumbani njia hii si ngeni. Mzazi hamfundishi mwanawe kukata majani ya ng'ombe kwa kumfokea. Huenda naye kihambani, akamwonesha namna ya kushika mundu, akamsimamia hadi aweze. Mzazi achague tabia moja kwa wakati, kama kupanga daftari jioni, na aulize mwalimu wa darasa ni utaratibu gani unaofundishwa shuleni ili mtoto asipate maelekezo mawili yanayopingana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wakazi wa Kata za Kirua Vunjo Magharibi, Mashariki na Kusini wenye maoni kuhusu malezi shuleni wawaone mwalimu mkuu, kamati ya shule au Afisa Elimu Kata. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto zipelekwe kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, au kwa Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, bila malipo.