Uvimbe wa Taya na Daktari Aliyeufuatilia Afrika Nzima



Wazazi wa Singida wanaijua habari ya mtoto aliyevimba taya. Jirani wa kwanza husema ni jino. Jino likishang'olewa na uvimbe ukabaki pale pale, husemwa ni kijicho, kisha majini, na wiki zinakwenda. Sisi wa kamati ya msikiti hufikiwa na habari hiyo mwishoni kabisa, familia inapoomba mchango wa nauli baada ya swala ya Ijumaa. Kwa sababu hiyo tumeona tumweleze msomaji habari za mtu aliyeuchunguza uvimbe huo, tena hapa hapa Afrika Mashariki.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali, na kwa lile lililobaki akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa Mkristo aliyeishika dini yake kwa dhati. Nasi hatuoni haya kujifunza kwake, maana elimu yenye manufaa huchukuliwa popote inapopatikana.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakupata jibu. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Hapo akarudi Mulago kufukua kumbukumbu za wagonjwa, akakuta watoto wengi wa aina hiyo, baadhi yao wakiwa na uvimbe tumboni pia. Maradhi yaliyodhaniwa kuwa mengi yalikuwa moja. Aliandika habari zake mwaka 1958, na wataalamu wa Kampala wakathibitisha kuwa ni saratani ya limfu, yaani ya chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili.

Swali lililomkera ni hili: maradhi haya yanapatikana wapi, na wapi hayapo? Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, wakipita nchini kwetu hadi Afrika Kusini. Kila hospitali walionyesha picha na kuuliza kama mtoto wa namna hiyo amepata kuonekana. Majibu yalipochorwa kwenye ramani, yalionyesha nchi za joto na mvua nyingi. Kwenye miinuko ya baridi uvimbe ulikuwa adimu. Ramani ile ilifanana mno na ya malaria.

Sampuli zilizopelekwa London kwa ndege zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kukiona kirusi ndani ya chembe hizo mwaka 1964. Kirusi hicho wengi wetu tunacho tangu utotoni bila kudhurika; hatari huja kinapokutana na malaria ya mara kwa mara. Suala hili lilichunguzwa pia Mara Kaskazini, Tanzania, kati ya mwaka 1977 na 1982, ambako watoto walipewa klorokwini. Kwa hiyo neti ya kitandani ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani.

Lililo muhimu zaidi kwa mzazi ni kwamba uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ajabu ya Mola ni kwamba kasi hiyo hiyo huufanya udhoofike upesi kwa dawa. Tangu miaka ya 1960 Burkitt aliwaona watoto wakipona kwa dawa, bila kisu cha upasuaji alichokisomea. Anayechelewa huikosa nafasi hiyo.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Kisomo hakikatazwi, bali kinaweza kusomwa hata ndani ya basi. Mtoto aliyevimba taya, jicho au tumbo apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa siku ile ile, na akielekezwa Bugando au Muhimbili, asikae nyumbani kusubiri Ijumaa. Kamati yetu imekubaliana kwamba nauli ya mtoto wa namna hiyo itatoka kwanza kwenye mfuko wa msikiti, mchango ufuate baadaye. Mzazi abishe hodi kwa imamu au kwa katibu, hata ikiwa ni usiku.