Ganzi ya Mikono Haiondolewi kwa Sponji

Swali ni lile lile kila wiki hapa Endasak: "Fundi, gripu gani ni laini zaidi? Mikono inakufa ganzi." Kabla sijafungua mdomo, mwulizaji ameshajijibu. Anataka sponji nene, au nimzungushie mpira wa tyubu juu ya gripu za zamani za usukani wa pikipiki. Naliandika jibu ili lisomwe na wote: ulaini hauondoi ganzi. Mara nyingi unaizidisha.

Pikipiki za Boxer, TVS na nyinginezo zinazobeba abiria na magunia kati ya Katesh na Babati zina injini za silinda moja. Injini ya namna hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutoa mitikisiko 100 kila sekunde. Fremu inaipokea na kuipeleka moja kwa moja kwenye usukani. Dukani unaibonyeza sponji kwa kidole gumba, inabonyea, unalipa. Lakini barabarani huishiki kwa kidole gumba. Unaikamata kwa kiganja kizima, gunia la mahindi mgongoni na mteremko mbele yako. Hewa yote inatoka, sponji inabaki bapa na ngumu, na mtikisiko unapita kama kawaida.

Unene nao una madhara yake. Vidole vikizunguka kitu kinene kupita kiasi, misuli ya kigasha inalazimika kukaza zaidi ili kukidhibiti, na kadiri unavyokaza ndivyo mkono unavyoshikamana na chuma na kupokea mtikisiko mwingi zaidi. Juu ya hapo, leva za klachi na breki zinakuwa mbali na vidole. Mwenye kushuka kutoka Bashnet kwenda Dareda akiwa na gripu za sponji anavuta leva mteremko mzima kwa ncha za vidole, halafu anafika chini akilaumu gripu si laini vya kutosha.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwapima wakata mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za upepo. Vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa vya mkono wa kushoto, ule ulioshika patasi. Alitaja sababu tatu zinazofanya kazi pamoja: mtikisiko, kukaza vidole kwa muda mrefu, na baridi. Dereva wa bodaboda anayeamka alfajiri ya Julai chini ya Mlima Hanang anazo zote tatu. Sponji inamwongezea ya pili. Mvua ikinyesha inamwongezea na ya tatu, kwa kuwa inanyonya maji na kiganja kinashinda kimelowa kwenye upepo.

Mpira wa tyubu ndio unaonikasirisha kuliko vyote, kwa sababu unaweza kuua. Nikiufungua nakuta tabaka juu ya tabaka: tyubu iliyokazwa kwa waya mwembamba, chini yake sponji iliyooza, na chini kabisa gripu ya kiwandani inayoteleza kwa oili iliyopakwa ili iingie bila shida. Upande wa resi, ukingo wa tyubu umeshaingia kwenye kisanduku cha swichi. Siku unapokwama hapo, dereva anaachia resi na pikipiki inazidi kwenda. Oili nayo inafanya kinyume chake: gripu inazunguka peke yake, bomba la resi lililo ndani limesimama. Mtu yuko katikati ya kulipita lori kwenye lami ya Singida, anavuta resi, injini haiitikii. Kwa hiyo usiniombe tena kufunga tyubu. Sifungi.

Fanya hivi. Anza na chanzo: kaza boliti za injini na za usukani, kagua cheni, beringi za shingo na upepo wa tairi la mbele. Vile vizito vya chuma mwishoni mwa usukani usivitoe, vimewekwa kupunguza mtikisiko. Ukija kununua gripu, jua kuwa usukani wa pikipiki hizi una kipenyo cha milimita 22, lakini gripu ya kulia huvaa juu ya bomba la resi, hivyo tundu lake ni kubwa zaidi, kama milimita 25. Jozi yenye matundu yanayolingana irudishe. Chagua raba ya ugumu wa wastani yenye michirizi midogo. Ukiishika, ncha za vidole zikaribie shina la kidole gumba bila kucha kuchimba kiganja.

Wakati wa kufunga, safisha chuma kwa spiriti, paka gundi ya gripu, acha ikauke usiku kucha. Oili isiguse. Upande wa resi acha nafasi ya milimita 2 kati ya gripu na kisanduku cha swichi. Rekebisha leva mpaka kigasha na vidole vilale kwenye mstari mmoja. Vaa glovu za kuzuia upepo, shika kwa ulegevu, na kwenye safari ndefu simama unyooshe vidole. Vidole vikigeuka vyeupe kwenye baridi, au ganzi ikibaki hata siku usiyoendesha, hilo si la fundi tena: nenda hospitali.

Mwisho, kabla hujampakia mtu, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, vuta resi yote, iachie. Rudia ukiwa umeugeuza kulia. Resi isiporudi yenyewe papo hapo, pande zote mbili, pikipiki hiyo haitoki.