Komeo Kwanza, Bastola Baadaye

Wizi wa usiku unapozidi mtaani, si ajabu mwenye nyumba kuwaza bastola. Lakini je, amekwisha kuutazama mlango wake?

Sheria ya Silaha ya Kenya, iliyoanza mwaka 1954, haimpi raia bastola kama haki yake. Mwombaji hana budi kuonyesha sababu ya kuridhisha. Mlevi na asiye na akili timamu hawastahili cheti. Masharti hayo yana hekima. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na daktari Arthur Kellermann na wenzake ulionyesha kwamba hatari ya mtu kuuawa katika nyumba yenye bunduki ilikuwa mara 2.7 ya nyumba isiyo nayo, na hatari hiyo ilitoka hasa kwa jamaa na watu wa karibu.

Kwa hiyo mpango na utangulie silaha. Komeo imara, taa ya nje, jirani wa kuitikia yowe, chumba kimoja cha kukimbilia, na mtu aliyeteuliwa kuwachukua watoto: hayo hayahitaji cheti.

Anayeihitaji bastola hata hivyo, achague inayoenea mkononi mwake na isiyo na mambo mengi, kisha ajifunze kuitumia. Akumbuke kuwa risasi hupenya ukuta wa mbao au mabati na kumpata aliyelala upande wa pili.

Silaha iliyofungiwa humchelewesha mwenyewe; iliyoachwa wazi humwahi mtoto. Baina ya hayo mawili, mzazi mwenye busara atachagua kuchelewa.