Kabla ya kununua pikipiki ya lami na shamba, piga hesabu hii

KILA baada ya mauzo ya mazao, maduka ya pikipiki katika miji yetu hupata wageni wengi, wakulima na wachuuzi wenye fedha taslimu mfukoni na swali moja mdomoni: ni pikipiki gani itakwenda vizuri kwenye lami na bado isinitupe njia ya shamba? Swali ni zuri, lakini mara nyingi anayelijibu ni mwenye duka, naye hujibu kwa kutazama kilichopo stoo.

Siku hizi uchaguzi umezidi kuwa mgumu. Mbali na Boxer na TVS za bodaboda, zipo pikipiki za saizi ya kati, za cc 200 hadi 450, zilizoinuka, zenye tairi kubwa la mbele na shokapu ndefu. Zimetengenezwa kwa ajili ya barabara na pori kwa pamoja, na kijana aliyeuza mpunga vizuri akiziona hutamani kuondoka nayo siku ileile. Kwa mtu anayetafuta riziki, jambo la kwanza kuliza si ukubwa wa injini. Ajiulize kwanza: pikipiki hii itanibeba mimi, au itabeba mzigo?

Tuchukue njia ya Mgeta, mkoani Morogoro, ambako hulimwa mboga na matunda. Mchuuzi anayetoka Morogoro mjini huanza na lami ya barabara kuu ya kwenda Iringa, akiwa katikati ya mabasi na malori yanayokwenda Mbeya na Zambia. Hapo anahitaji pikipiki inayoweza kushika kilomita 80 kwa saa bila kulalamika, la sivyo malori yatamsukumia pembeni. Akifika Sangasanga anaiacha barabara kuu na kuanza kupanda Milima ya Uluguru, njia ya kona na miteremko ambayo vichochoro vyake vya kuingia mashambani huteleza kama sabuni wakati wa masika. Vijiji vya juu viko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda. Ndiyo maana pikipiki ya cc 100 iliyokuwa hodari Dar es Salaam huanza kuhema huku juu.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia injini kubwa. Ipo dawa ya bei nafuu zaidi. Kwa pikipiki ya cc 125 au 150, mwambie fundi akufungie sproketi ya nyuma yenye meno mawili au matatu zaidi. Utapungukiwa mwendo kidogo kwenye lami, lakini mlimani itavuta kwa giya ya pili pale ilipokuwa inadai ya kwanza. Ukiongeza na matairi ya meno makubwa, umekwisha kupata sehemu kubwa ya kile ulichotaka kukinunua kwa mamilioni.

Upande wa mzigo ndipo watu wengi hukosea. Shokapu ndefu na laini za pikipiki za porini zimewekwa ili dereva aruke mashimo bila kuumia mgongo. Ukifunga gunia la viazi nyuma, shokapu hizo huzama, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi, na kwenye kona usukani unacheza. Boxer haina sifa ya kuruka mashimo, lakini shokapu zake mbili ngumu za nyuma na keria yake vinastahimili tenga la nyanya. Kwa hiyo mkulima anayeshusha mazao yake mwenyewe abaki na pikipiki ya mzigo. Anayezunguka mashambani kununua, kisha mzigo ukaja na Canter, pamoja na muuza pembejeo au mganga wa mifugo mwenye sanduku dogo, hao ndio wenye sababu ya kutafuta pikipiki ya porini.

Na kwa hao, uzito ni jambo la kuangalia kabla ya nguvu. Honda XR150L, yenye tairi la inchi 19 mbele na 17 nyuma, haifiki kilo 135. Yamaha XTZ125 ina inchi 21 mbele, tairi ambalo hupanda juu ya mawe na kuvuka mashimo ambamo lile la inchi 17 hutumbukia. Royal Enfield Himalayan ya cc 411, iliyotoka India mwaka 2016, nayo ina inchi 21 mbele na inatulia vizuri kwenye lami, lakini ina uzito wa kilo 190 hivi. Pikipiki ya kilo 190 ikilala kwenye tope ukiwa peke yako jioni, itakubidi umsubiri mpita njia.

Wapo watengenezaji waliowahi kumfikiria mkulima. Yamaha AG100 na AG200, ambazo wengi wetu tunazijua kama pikipiki za miradi, zilibuniwa kwa kazi ya shamba. Cheni imefunikwa yote isiguswe na matope, na keria zipo mbele na nyuma. AG100 inachoma oili pamoja na petroli, hivyo kumbuka gharama hiyo. AG200 haina tabia hiyo.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme unatembea kilomita 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, jumla kilomita 1,500. Kwa kurahisisha hesabu tuweke petroli Sh3,000 kwa lita. Bei halisi utaiona EWURA inapotangaza bei kikomo kila mwezi. Pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita itakula lita 33, karibu Sh100,000. Inayokwenda kilomita 30 kwa lita itakula lita 50, yaani Sh150,000. Tofauti ya Sh50,000 kwa mwezi ni Sh600,000 kwa mwaka, fedha ambayo ingenunua mifuko kadhaa ya mbolea. (Sijamwona bado mnunuzi wa Kariakoo anayeongeza bei ya kabichi kwa sababu mwenye mzigo amekuja na pikipiki ndefu.)

Hasara nyingine haionekani kwenye risiti. Kama faida yako ni Sh20,000 kwa siku, na kebo ya klachi ikakatika ukasubiri siku sita iletwe kutoka Dar es Salaam, umepoteza Sh120,000 kwa kifaa ambacho bei yake ni ndogo sana kuliko hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipia pikipiki yoyote, andika vitu saba kwenye karatasi: kebo ya klachi, sahani za klachi, cheni na sproketi, brekishuu, tyubu ya mbele, ringi za pistoni na chujio la hewa. Zunguka nayo maduka ya spea ya wilayani kwako. Usipopata hata vitano, pikipiki hiyo iache, hata kama ni nzuri namna gani. Zingatia tyubu na tairi la inchi 21, maana maduka mengi ya vijijini yamejaza saizi ya inchi 17 na 18.

Anayenunua ya mradi iliyotumika alinganishe namba ya injini na ya chesisi na zile zilizo kwenye kadi, na asimalize malipo kabla umiliki haujahamishwa TRA. Mwishowe, nenda dukani na gunia lako. Lifunge nyuma, kaa juu, uone kama nyayo zako zote mbili zinagusa chini, kisha omba uzunguke nayo mtaa mmjoa. Muuzaji akikataa, duka la pili haliko mbali.