Semina Tusiyoitaka: Namna Mtumishi wa Kanisa Anavyoweza Kupata Faida

Utangulizi

Barua ya kumwita mchungaji kwenye semina huja mara nyingi wakati usiofaa. Inamtaka ahudhurie kwa siku tatu mafunzo ya utunzaji wa hesabu, au ya usimamizi wa mali za usharika, au ya sheria mpya ambayo hata jina lake hajalisikia. Wakati huohuo kuna maziko, kuna darasa la Kipaimara linalokaribia mwisho, na kuna mahubiri ya Jumapili ambayo hayajaandikwa. Si ajabu basi kwamba wengi wetu huenda kwenye semina hizo kwa miguu tu, huku mioyo yetu imebaki usharikani.

Katika makala hii hatukusudii kuwasifu wanaoandaa semina wala kuwakemea wanaozichoka. Tunakusudia kueleza jambo moja, yaani kwamba mafunzo ambayo mtu hakuyachagua huweza kumfaa sana iwapo anakwenda na swali lake mwenyewe na kurudi na tendo moja la kufanya. Jambo hili si dogo. Siku za semina hulipwa na washarika, kwanza kwa sadaka zao, pili kwa kumkosa mchungaji wao. Tukirudi mikono mitupu, wao ndio waliopata hasara.

1. Kwa nini hatupendi kwenda

Yafaa kwanza tuzitazame sababu zetu kwa haki, maana si zote ni uvivu.

Sababu ya kwanza ni namna tunavyoitwa. Malcolm Knowles, mwalimu wa Kimarekani aliyeandika kitabu juu ya mwanafunzi mtu mzima mwaka 1973, alifundisha kwamba mtu mzima hujifunza vizuri akijua kwa nini anahitaji somo, uzoefu wake ukiheshimiwa, na somo likigusa kazi iliyo mbele yake. Barua isemayo tu kwamba mhusika ahudhurie bila kukosa haitimizi hata moja ya hayo.

Sababu ya pili ni ubovu wa semina zenyewe. Zipo semina ambazo mwalimu husoma karatasi tangu asubuhi hadi jioni, na wanaosikiliza hawapewi nafasi ya kusema lolote.

Sababu ya tatu ni kudhani kwamba tunajua tayari. Na ya nne, ambayo ni nadra kutajwa, ni hofu. Mchungaji aliyezoea kusimama mbele ya watu na kufundisha anaona uzito kuketi mbele ya mhasibu kijana na kuonekana hajui tofauti ya stakabadhi na hati ya malipo.

Sababu mbili za kwanza ni mzigo wa wanaotuita, nao wanastahili kuambiwa. Mbili za mwisho ni mzigo wetu. Kosa letu la mara kwa mara ni kuzificha hizi nyuma ya zile.

2. Fundisho kutoka katika Matengenezo

Kanisa letu lina sababu ya pekee ya kutodharau mafunzo ya watumishi walio kazini. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia. Mwaka huohuo ulitolewa mwongozo wa wakaguzi, ambao Philipp Melanchthon ndiye aliyeuandika kwa sehemu kubwa. Hali iliyokutwa vijijini ilimhuzunisha sana Luther. Waumini wengi hawakujua misingi ya imani, na wachungaji wengi hawakuweza kuifundisha. Mwaka 1529 zikatoka Katekisimu Ndogo na Katekisimu Kubwa. Tumezoea kuiona Katekisimu Ndogo kama kitabu cha watoto, lakini dibaji yake iliandikwa kwa wachungaji na wahubiri. Kwa maneno mengine, ilikuwa pia chombo cha kuwafundisha watumishi waliokwisha kuwekwa kazini, ambao hawakuwa wameomba kufundishwa.

Katika dibaji ndefu aliyoiongeza kwenye Katekisimu Kubwa mwaka 1530, Luther aliwakaripia wachungaji waliodhani kwamba wakiisoma mara moja wameimaliza. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe, ingawa ni daktari wa theolojia na mhubiri, huirudia kila siku kama mtoto. Hapo sababu yetu ya tatu inajibiwa.

Sababu ya nne inajibiwa na Apolo. Tunasoma katika Matendo 18:24–26 kwamba alikuwa msemaji hodari, mwenye uwezo katika Maandiko, lakini Prisila na Akila, mafundi wa mahema, walimchukua wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hatuambiwi kwamba aliona aibu. Tunaambiwa kwamba baadaye aliwafaa sana waamini huko Akaya.

3. Kabla ya kwenda: swali moja la usharika

Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kazi ya kwanza ya mwenye kuitwa ni kutafuta swali, na swali hilo halipatikani katika ratiba ya semina bali usharikani.

Tuchukue mfano wa semina ya hesabu. Mchungaji asiye na swali akisikia habari za usuluhisho wa benki, ataona ni maneno ya wahasibu yasiyomhusu. Lakini tuseme kabla ya kuondoka alimwuliza mhazini: “Ndugu mhazini, katika hesabu zetu ni jambo gani linalokusumbua?” Huenda akaambiwa kwamba kila mwezi salio la daftari la fedha na salio la taarifa ya benki hayalingani, na kwamba wazee wawili wameanza kunong’ona.

Sasa anakwenda na jambo moyoni. Mwalimu anapoeleza kwamba salio hizo mbili huweza kutofautiana bila wizi wowote, yeye husikia habari za nyumbani kwake. Huenda hundi imeandikwa na bado haijapelekwa benki na aliyepewa. Huenda benki imekata ada ambayo mhazini hajaiingiza daftarini. Huenda sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi iliandikwa siku hiyo, nayo ikapelekwa benki mwezi uliofuata. Kila mwezi tofauti hizo zinapaswa kuorodheshwa moja moja hadi salio mbili zikubaliane. Zikikataa kukubaliana baada ya kuorodheshwa, hapo ndipo penye swali zito.

Tazama tofauti inayoletwa na saa hiyo moja. Mchungaji asiyeweza kusoma hesabu yuko katika hatari mbili. Anaweza kumwacha mtu mwaminifu asingiziwe wizi hadi alihame Kanisa kwa uchungu. Au anaweza kumkinga mwizi kwa sababu ni mpole na huja ibadani mapema. Katika hali zote mbili jina la Kristo linatukanwa, na kuomba kwingi hakutajaza pengo la kutojua kusoma daftari.

4. Wakati wa semina: kuandika na kuuliza

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kazi kiasi gani aliyookoa alipozikariri upya. Baada ya saa moja kiasi hicho kilikuwa kimeshuka chini ya nusu, na baada ya siku moja kilibaki kama theluthi tu. Mambo ya semina yana maana, hivyo hukaa kuliko silabi tupu. Hata hivyo fundisho linabaki kwamba yasiyorudiwa huondoka upesi.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila jioni andika kwa maneno yako mwenyewe, bila kutazama karatasi, mambo mawili au matatu uliyoyasikia. Kukumbuka kwa juhudi hukaza somo kuliko kulisoma upya. Pili, uliza swali lako la usharikani mbele ya wote. Mara nyingi utagundua kwamba wenzako walikuja na tatizo hilohilo nao waliona haya kulisema. Tatu, wakati wa chai usikae na rafiki zako wa chuoni peke yao. Mtafute mwenzako wa jimbo jingine, umwulize wao hufanyaje. Katika semina yenye mwalimu dhaifu, huenda mazungumzo hayo yakawa ndiyo semina yenyewe.

5. Baada ya semina: tendo moja lenye tarehe

Nchi yetu iliwahi kuonyesha jambo hili kwa upana. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watakalofanya, kama vile kuchimba choo au kufukia madimbwi. Nguvu ya mpango ule ilikuwa katika uamuzi huo wa mwisho. Kikundi hakikuishia kwenye kusikia, kilishika jembe.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Chukua mfano wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Bara na mambo ya Muungano Mei 2023. Sheria hiyo inahesabu taarifa zinazoonyesha imani ya mtu na zile za afya yake kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Mchungaji akisikia hayo anaweza kuona ni kero nyingine ya serikali. Lakini na akumbuke matangazo ya Jumapili, ambamo jina la mgonjwa husomwa pamoja na ugonjwa wake, au kundi la simu la usharika, ambamo habari ya maombi ya mtu mmoja hufika kwa mamia kabla ya jioni. Mgonjwa alimwambia mchungaji wake, hakuliambia soko.

Tendo moja linatosha. Kwa mfano: kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ugonjwa wa mtu hautatajwa ila kwa ruhusa yake mwenyewe. Andika tarehe, uwaeleze wazee wa Kanisa katika kikao cha kwanza baada ya kurudi, na umwombe mmoja wao akukumbushe. Mwenye kurudi na maazimio kumi kwa kawaida hatimizi hata moja.

6. Semina ikiwa mbovu kweli

Itatokea kwamba semina haina kitu. Hata hapo ziko kazi mbili. Ya kwanza ni kuieleza ofisi iliyotuita kwa heshima na kwa uwazi ni nini kilichopungua na tunahitaji nini. Fomu ya tathmini iliyojazwa kwa sifa za adabu huleta semina ileile mwaka unaofuata. Ya pili ni kujichunguza namna sisi wenyewe tunavyofundisha. Uchovu tulioupata tukisikiliza mtu asomaye karatasi saa mbili ni uchovu uleule wa vijana wa Kipaimara mbele yetu, ambao nao wengi wao hawakuja kwa hiari.

Hitimisho

Hatuwezi kuchagua kila semina tunayoitiwa, wala si lazima tuipende. Tunaweza kuchagua kumwuliza mhazini, mwinjilisti au mzee wa Kanisa swali moja kabla ya safari, na kumletea jibu tukirudi. Wanafunzi wa theolojia waanze desturi hii tangu sasa katika masomo wasiyoyapenda, kwa maana usharika watakaopewa kesho una maswali ambayo bado hawajui kwamba wataulizwa.