Rangi, Kikao au Maabara: Fedha ya Kutibu Ugonjwa wa Ulaji Ianzie Wapi Bagamoyo?

Kijana wa Zinga au Mapinga akianza kuikataa sahani, fedha huanza kutoka nyumbani kabla ugonjwa haujapata jina. Hupimwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha vidonda vya tumbo. Hupewa dawa ya minyoo. Akizidi kukonda, majirani hunong'ona habari za Ukimwi, na kipimo hicho nacho hufanywa. Halafu huja zamu ya kisomo, kombe na mganga. Mwisho hutokea ndugu aliyesikia kwamba huko nje watu wa namna hii hutibiwa kwa kuchora na kupaka rangi, naye huuliza: Bagamoyo si ndio mji wa wasanii?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa hesabu. Wasanii tunao kweli. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza 1981, na leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Ukipita mji mkongwe utamkuta mchoraji, mchongaji na mpiga ngoma hatua chache kutoka mmoja hadi mwingine. Lakini mzazi mwenye mtoto anayejinyima chakula anahitaji kujua fedha yake ifike wapi kwanza, wapi baadaye, na wapi isifike kabisa.

Wengi bado huuona ugonjwa huu wa ulaji kuwa ni wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa 2007 uliwahusisha wanawake na wasichana 214 wa Dar es Salaam, na dalili zilikuwapo, ingawa si kwa wingi. Utafiti mwingine, wa 2004, wa wasichana wa shule kaskazini mashariki mwa Ghana, unatugusa sisi wa pwani zaidi. Waliojinyima chakula hadi kudhoofu hawakusema wanaogopa unene. Walizungumza habari za dini na kujizuia nafsi. Hapa kwetu binti anaweza kumaliza Ramadhani, akaendelea na sita za Shawwal, akaingia Jumatatu na Alhamisi, na nyumba nzima ikamsifu kwa ucha Mungu huku mwili unakwisha. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Imamu wa msikiti wako akimwambia hivyo kwa upole, umepata msaada usiolipiwa, na kwa binti wa namna hii maneno yake huenda yakapokelewa upesi kuliko ya daktari.

Sura za ugonjwa ni nyingi. Yupo anayejinyima, ndiyo anoreksia. Yupo anayekula kwa pupa kisha akajitapisha au akanywa dawa ya kuharisha, ndiyo bulimia. Yupo anayekula kupita kiasi kwa siri bila kujitapisha. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, inaweka humo humo tabia ya kula visivyo chakula, kama udongo ule wa pemba unaouzwa sokoni. Wavulana nao hupatwa, ila wao huchelewa kutambuliwa.

Fedha ya kwanza iende kwenye mwili. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na mara nyingi kifo huja kupitia moyo. Anayejitapisha au kunywa sanamaki kila siku hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka mno moyo hupoteza mpigo wake. Sanamaki inauzwa waziwazi kwenye maduka ya dawa za asili, na kwa sababu ni majani watu huiona haina madhara. Kwa mtu huyu ina madhara makubwa. Kwa hiyo kabla ya penseli yoyote kununuliwa, mgonjwa apimwe uzito, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, wingi wa damu na madini ya damu. Kijana ambaye mapigo yake yako chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, au anayezimia, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asilazimishwe kula sahani nzima ya wali kwa furaha ya kwamba amekubali. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishibishwa ghafla, fosfeti ya damu huporomoka, na hilo linaweza kuua. Kurudisha chakula kwa aliyedhoofu sana ni kazi ya wodini.

Gharama ya hatua hii kwa mkazi wa pwani inategemea bima na mahali anapoishi. Kwa miaka kadhaa bima ya afya ya jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita katika mikoa mingi, huku Dar es Salaam ikiwa 150,000. Aliyeko Bunju, upande wa Dar es Salaam, na aliyeko Mapinga, upande wa Bagamoyo, ambao wanapanda daladala za barabara moja, walilipa viwango vilivyopishana mara tano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaubadilisha utaratibu huo, basi uliza kwenye zahanati yako kifurushi cha sasa kinagharimu kiasi gani, na uulize swali la pili ambalo wengi hulisahau: kinafika hadi ngazi ipi ya rufaa? Asiye na bima ajue kwamba magonjwa ya akili yamo katika misamaha ya matibabu kwenye vituo vya Serikali. Mlango wa msamaha huo ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwombe kabla ya kulipa.

Fedha ya pili iende kwenye mazungumzo ya tiba. Hapa ndipo watu hukadiria vibaya, kwa kuwa huuliza bei ya kikao wakasahau kuuliza idadi ya vikao. Mwongozo wa Uingereza wa 2017, unaotumiwa na watabibu wengi duniani, unatoa idadi zinazosaidia kupanga. Kijana mwenye anoreksia hutibiwa pamoja na familia yake kwa vikao 18 hadi 20 katika mwaka mmoja. Mtu mzima mwenye anoreksia anaweza kufikia vikao 40. Mtu mzima mwenye bulimia anaweza kuanza na kitabu cha kujisaidia akisimamiwa na mtaalamu kwa vikao 4 hadi 9 vya dakika 20, na asipopata nafuu huhamia vikao 20 vya kawaida.

Tuseme mwanasaikolojia binafsi wa Dar es Salaam ametaka shilingi 50,000 kwa kikao. Namba hii ni ya mfano, weka uliyotajiwa wewe. Vikao 20 ni milioni moja. Lakini kijana hasafiri peke yake. Watu wawili, kwenda na kurudi, mara 20, ni nauli 80, na bado hujahesabu siku za kazi zilizopotea njiani kati ya Bagamoyo na Mwenge. Mkikubaliana vikao vinne vya mwanzo viwe vya ana kwa ana na vilivyobaki viwe vya simu ya video, nauli zinashuka hadi 16. Ninaipendelea njia hii kwa walio mbali, kwa sharti moja: kila wiki uzito upimwe kwenye mizani ile ile ya zahanati ya jirani na majibu yamfikie mtaalamu. Kamera ya simu haioni mwili unavyopungua ndani ya dera.

Njia ya Serikali huanzia hospitali ya wilaya ya Bagamoyo, hupanda hadi Tumbi, Kibaha, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, na huishia Muhimbili kwenye madaktari bingwa wa afya ya akili. Ni nafuu kwa fedha, lakini inadai subira, na huenda leo ukamkuta daktari huyu na mwezi ujao mwingine. Tiba ya familia yenyewe inategemea mzazi kuliko jengo: mzazi hurudishiwa jukumu la kusimamia kila mlo hadi mtoto apate nguvu. Muuguzi wa afya ya akili mwenye moyo wa kazi, akikuelekeza vizuri na kukuona kila baada ya wiki mbili, kwangu ana thamani kuliko bingwa unayemwona mara mbili kwa mwaka.

Sasa turudi kwenye rangi. Tiba kwa sanaa ni taaluma. Uingereza, anayejiita mtabibu wa sanaa lazima awe na shahada ya uzamili na jina lake liwe kwenye daftari la umma; kulitumia jina hilo bila usajili ni kosa kisheria. TaSUBa hufundisha wasanii, haifundishi watabibu. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia vikao vya tiba kwa sanaa kwa bei ya daktari, mwombe usajili. Akisema alisomea nje, daftari la huko linaweza kutazamwa kwenye simu. Akisema ni daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika lina orodha. Asipokuwa na kimojawapo, huenda bado ni mwalimu mzuri wa kuchora. Mlipe kama mwalimu wa kuchora.

Na inafaa kumlipa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuonyesha kwamba sanaa husaidia afya kwa njia nyingi. Kwa magonjwa ya ulaji hasa, ushahidi ni mdogo, na mwongozo niliotaja hauiweki sanaa mahali pa tiba ya mazungumzo. Lakini wagonjwa wengi wa ulaji hawawezi kusema wanachohisi. Ukimuuliza atajibu yuko sawa, na atajibu hivyo mwaka mzima. Mkono wake ukishughulika, mdomo hulegea. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Hospitali ya Lutindi, Korogwe, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, imeiweka kazi ya mikono ndani ya matibabu kwa miaka mingi. Na wapo watoa tiba kwa vitendo waliosomea KCMC, Moshi, ambao kazi yao ndiyo hii. Ukiambiwa hospitali uliyopelekwa inaye mmoja, mwombe kabla ya kumtafuta msanii.

Katika kuchagua sanaa, tazama mwili kwanza. Ngoma ndiyo sifa ya Bagamoyo, lakini kwa binti mwenye mapigo dhaifu, au anayefanya mazoezi kwa siri ili apungue, kucheza ngoma ni hatari. Aanze na sanaa za kukaa. Picha za mtindo wa Tingatinga zinavutia, ila rangi zake za mafuta, zile za kung'aa, zina harufu kali inayochefua. Rangi za maji zinafaa zaidi. Daftari kubwa, penseli na rangi za maji havivunji kibubu cha mtu. Mkaa unao jikoni. Chaguo ninalolipenda kuliko yote ni ukili. Msichana akikaa mkekani na bibi au somo yake, akachagua rangi za miyaa na kusuka, anakuwa karibu na mtu mzima saa nzima bila kutazamwa usoni, na mwisho ana kitu alichokitengeneza mwenyewe. Saa hiyo ikiwekwa mara tu baada ya chakula, humvusha wakati ambao wengi hutaka kukimbilia chooni.

Msanii wa kulipwa mwekee masharti matatu. Asimwambie mtoto achore mwili wake mwenyewe. Zoezi hilo lipo, lakini ni la mtabibu aliyefunzwa, na likifanywa vibaya linamrudisha mgonjwa kwenye kioo. Asiisome picha kama anayepiga ramli, kwamba rangi nyeusi ni kifo na nyumba bila mlango ni siri. Na akiona au kusikia habari ya kujidhuru, akuambie siku hiyo hiyo.

Wapi fedha isifike? Kwenye vidonge vya kunenepesha. Cyproheptadine ni dawa ya mzio na dexamethasone ni steroidi. Zote huuzwa kwa wanaotaka mwili, na hakuna inayotibu woga wa chakula. Mganga anayetaka mgonjwa afunge au atapike, mwondoe mtoto hapo. Kisomo na maombi ambavyo havimzuii kula wala kwenda hospitali havina ubaya, na vingi havina bei.

Kwa familia ya kipato cha kawaida kati ya Bunju na Bagamoyo, hukumu yangu ni hii: vipimo na muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya Serikali, mzazi mmoja kwenye kila mlo, mwanasaikolojia wa simu kama mfuko unaruhusu, na saa ya ukili au rangi za maji kila siku. Mwalimu wa kuchora awe wa mwisho kuongezwa, na wa kwanza kupunguzwa fedha ikibana, kwa kuwa kazi hiyo bibi anaweza kuiendeleza.

TaSUBa na hospitali ya wilaya zimo ndani ya mji mmoja. Naziomba zikae pamoja zipange alasiri moja kwa wiki ya msanii na muuguzi katika chumba kimoja. Na wewe mzazi, usisubiri hilo lianze: mpeleke mtoto akapimwe mapigo na potasiamu wiki hii.